Nina MD na PhD: je, naweza kufanya mtihani wa bodi ya jenetiki moja kwa moja?

SWALI: Shikamoo daktari. Nilisoma MD Dar es Salaam, nikamaliza intern, nikafanya kazi wodi ya watoto miaka miwili, halafu nikaja Marekani kusoma PhD ya jenetiki ya binadamu. Namaliza Mei. Wodini nilihudumia watoto wengi wa selimundu, na huku nimefanya kazi ya maabara kila siku. Nataka kuomba cheti cha ABMGG, bodi ya Marekani ya jenetiki ya tiba na jenomiki. Kwa kuwa nina shahada zote mbili, naruhusiwa kujaza fomu ya mtihani sasa? Na nipite mlango wa kliniki au wa maabara? Jambo jingine linanikosesha usingizi: cheti changu cha MD kina majina matatu, pasipoti ina mawili.

JIBU: Marahaba, daktari mwenzangu. Kwa hilo la kwanza, hapana. Usilipe ada yoyote bado.

Wengi wetu tuliotoka nyumbani tunaiona bodi kama baraza la mitihani: peleka vyeti, lipa, kaa kwenye chumba cha mtihani. Bodi hii, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1980 na mwaka 1991 ikaingia kwenye shirikisho la bodi za utabibu za Marekani, inachotazama kwanza ni mafunzo. Inauliza ulifundishwa wapi baada ya shahada, kwa miezi mingapi, chini ya nani, na kama programu hiyo ina ithibati. PhD yako inakupa haki ya kuomba nafasi ya mafunzo. Nafasi hiyo ndiyo ombi lako la kwanza. Fomu ya mtihani ni ya baadaye sana.

Sasa milango. Wa kliniki ni wa madaktari tu, wale wanaomwona mgonjwa, wanaochora ukoo wa familia na kumweleza mama kwa nini mtoto amezaliwa hivi. Kwako unaanzia ECFMG, chombo cha Marekani kinachohakiki madaktari waliosomea nje: shahada yako ya MD ihakikiwe, upite USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani, hatua ya kwanza na ile ya pili ya maarifa ya kliniki, kisha uombe rezidensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, kupitia mfumo wa mgao ambao matokeo yake hutoka Machi. Utafanya angalau miezi 12 ya rezidensi yenye ithibati inayohusu wagonjwa moja kwa moja, halafu miezi 24 ya jenetiki yenyewe. Zipo pia programu za miaka minne zinazounganisha watoto na jenetiki, na kwa mtu aliyeipenda wodi ya watoto kama wewe, hizo ndizo ningezitazama kwanza. Miaka yako miwili ya wodini nyumbani, najua inauma kusikia, haihesabiwi katika ile miezi 12. Itakusaidia kwenye usaili, na itakusaidia zaidi siku utakapopewa mgonjwa.

Mlango wa maabara unawapokea wenye MD na wenye PhD. Zamani kulikuwa na kromosomu upande wake na molekuli upande wake. Siku hizi zimeunganishwa kuwa fani moja ya jenetiki ya maabara na jenomiki, feloshipu, yaani mafunzo ya baada ya shahada, ya miezi 24. Jenetiki ya kibiokemia, ya magonjwa ya umetaboli, ina mlango wake. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwenye PhD asumbuke na bodi wakati anajua kusoma jeni kuliko daktari. Sababu ni CLIA, sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inayosimamia maabara za vipimo: mwenye PhD hawezi kuwa mkurugenzi wa maabara ya vipimo vigumu vya wagonjwa bila cheti cha bodi inayotambuliwa. Bila hicho utaendesha mashine vizuri sana, na ripoti itasainiwa na mwingine.

Mimi nilipita maabara, kwa hiyo nipime kwa upendeleo huo. Lakini kwa ulivyoandika, PhD inaisha Mei na USMLE hujagusa, njia ya maabara ni fupi kwako kwa miaka kadhaa. Ila feloshipu nyingi huanza Julai na nafasi hugawiwa mapema. Kwa Julai hii huenda umechelewa. Andikia wakuu wa programu sasa kwa ajili ya Julai ijayo, na suala la viza liulize kwenye barua ya kwanza, usingoje mpaka wakupende.

Ukiingia, kitu kitakachokuangusha si mtihani. Ni daftari la kesi. Kila kesi unayoiorodhesha lazima uwe ulishiriki kweli, ndani ya tarehe za mafunzo, na msimamizi aisaini. Watu hujaza miezi miwili ya mwisho kwa kukumbuka, na hapo ndipo tarehe zinapogongana au aina fulani ya kesi inapungua. Mimi nilikuwa nikijaza kila Ijumaa kabla ya kutoka, hata wiki yenye kesi moja. Na fuata maelekezo ya bodi yanayohusu mwaka ulioanza wewe, si nakala aliyokupa mtangulizi wako.

Mtihani wenyewe una karatasi mbili: ya jumla, wanayofanya watu wa fani zote, na ya fani yako. Ya jumla huwashangaza watu wa maabara kwa hesabu za uwezekano. Mfano: mama yake Asha ni mbebaji wa uhakika wa Duchenne, ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika misuli unaowapata hasa wavulana; mbebaji ana jeni yake bila kuugua. Asha ana watoto wawili wa kiume, wote wazima na wamepita umri wa dalili. Yeye mwenyewe ana uwezekano gani wa kuwa mbebaji? Ukijibu nusu umekosa. Wale wana wawili wazima wanaushusha hadi moja kwa tano. Kama hapa ulisita, anza kusoma leo.

Kuhusu kurudi nyumbani: cheti cha ABMGG si leseni. Dar utasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kwa masharti yake. Kama nia yako ni kutibu Afrika, Afrika Kusini inafundisha jenetiki ya tiba na chuo chake cha madaktari kinatoa ubingwa wa FCMG(SA). Ilinganishe kabla hujafunga uamuzi.

Na jina. Lishughulikie kabla ya kila kitu kingine, kwa sababu jina la kwenye usajili linapaswa kufanana na kitambulisho utakachoonyesha mlangoni siku ya mtihani. Amua jina moja, lile la pasipoti. Kisha tafuta wakili nyumbani akuandalie hati ya kiapo kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja, uombe nakala kadhaa zilizogongwa muhuri. Mwombe pia msajili wa chuo atume matokeo yako yeye mwenyewe, katika bahasha iliyofungwa au kwa njia ambayo mpokeaji ataitambua, hati ya kiapo ikiwa ndani. Hati yangu ya kiapo ilikaa mezani kwa mtu wiki kumi na moja kabla ndugu yangu hajaenda kukaa pale benchi mpaka ikasainiwa. Kama una ndugu mvumilivu, mpigie simu leo.