Haidrojeli kwa kidonda kisichopona
Umeuliza iwapo haidrojeli, yaani jeli ya kuwekwa juu ya kidonda, itafaa kwa kidonda cha mguuni cha mama yako, chenye umri wa miezi minne na ambacho sasa kimekauka. Kwa kidonda kikavu inafaa, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji, hivyo hukipa kidonda unyevu na kulainisha nyama iliyokufa hadi ibanduke yenyewe bila kukwanguliwa. Kingekuwa kinatoa majimaji mengi ningekukataza, maana ngozi ya pembeni ingelowa na kuchubuka. Jeli hufunikwa kwa shashi na bandeji, na kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya siku 1 hadi 3. Hata hivyo, kwanza daktari apime sukari na mtiririko wa damu mguuni, kwani gamba jeusi kavu kwenye mguu usiopata damu ya kutosha halipaswi kulainishwa.