Karo ya mkutubi hutoka wapi?

Tangu nitaje hapa kwamba nilianza kazi nikipanga vitabu rafuni, kabla ya kusomea ukutubi, barua hazijakoma. Nimechagua sita. Nyingi za zilizobaki zinauliza yale yale.

Nimekaa kaunta miaka sita katika maktaba moja ya Eastlands. Nina cheti cha ukutubi, na KCSE nilipata D+. Kila skolashipu ninayoiona ni ya shahada ya uzamili. Nianzie wapi? – Wa Kaunta, Makadara

Umeona vizuri, dadangu. Chevening ya Uingereza na zile za uzamili za Jumuiya ya Madola humtaka mtu ambaye tayari ana shahada ya kwanza. Waliozitunga hawakumfikiria anayepiga mihuri. Ziache kwanza, utazirudia.

Hatua yako ni diploma. Kwa alama ya KCSE peke yake, diploma huomba C-, lakini cheti ulicho nacho kinaweza kukuingiza mahali ambapo alama ilikuzuia. Peleka nakala yake ofisi ya usajili ya chuo, uulize ana kwa ana. Katika ngazi za KNQA, mamlaka ya sifa za masomo nchini, diploma ni ya 6 na shahada ni ya 7, kwa hiyo ni kipandio kimoja tu kinachofuata. Tena baadhi ya vyuo vikuu humwanzisha mwenye diploma nzuri mwaka wa pili, na huo ni mwaka mzima wa karo umeuokoa.

Pesa ya diploma haitakuja kwa hundi moja. Wengi hudhani basari ya NG-CDF, ule mfuko wa maeneo bunge, ni ya watoto wa sekondari tu, kumbe hata wa vyuo huomba. Sacco yako ikiwa na mkopo wa karo, linganisha riba. Ukifika chuo kikuu, HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ina mkopo wa walioajiriwa, ila riba yake ni zaidi ya ile asilimia 4 ya wanafunzi wa kawaida, kwa hiyo soma fomu hadi ukurasa wa mwisho. Lakini kabla ya hayo yote, mwandikie mwajiri wako barua rasmi. Utashangaa ni wangapi wanaotafuta ufadhili ng'ambo na bado hawajamuuliza mkuu wao wa idara.

Mwajiri amekubali kulipa nusu ya karo, mradi nitie sahihi kwamba nitabaki kazini miaka mitatu. Je, ni mtego? – Mwenye Wasiwasi, Upper Hill

Bondi ni jambo la kawaida, na katika utumishi wa umma ndiyo desturi. Uliza miaka hiyo inahesabiwa kuanzia lini: siku unapoanza masomo au siku unapomaliza? Ukiachishwa kazi na wao wenyewe, deni linabaki kwako? Na ukiondoka baada ya miaka miwili, utarudisha zote au theluthi iliyosalia? Majibu yawe kwenye karatasi, si mdomoni.

Halafu uliza kuhusu zamu. Mimi mwajiri wangu wa zamani alilipa karo bila kinyongo, lakini zamu yangu iliisha saa mbili usiku na darasa lilianza saa kumi na moja unusu jioni. Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo, hata mimi. Nilipoteza muhula mzima nikikimbizana na matatu, karo ikiwa imeshalipwa. Siku hizi mtu akiniambia amepata ufadhili, swali langu la kwanza ni kama amepata na muda.

Dada yangu aliye Marekani anasema chama cha wakutubi huko hutoa skolashipu kwa wasaidizi wa maktaba. Naweza kuomba nikiwa hapa Kayole? – Mdogo Mtu

Dada yako hakudanganyi. Chama hicho, ALA, kipo tangu 1876, na miongoni mwa skolashipu zake zipo za wafanyakazi wa maktaba ambao bado si wakutubi. Kule, kazi nyingi za ukutubi huhitaji shahada ya uzamili kutoka chuo kilichoidhinishwa na ALA, kwa hiyo mtu anaweza kuzijua rafu zote kwa miaka ishirini na bado akaitwa msaidizi. Pengo hilo ndilo fedha hizo zinajaribu kuliziba. Lakini zimelengwa wanaoishi Marekani au Kanada na kusoma katika vyuo hivyo. Wewe wa Kayole tazama Fulbright, skolashipu ya serikali ya Marekani, au zile za Jumuiya ya Madola za kusoma kwa masafa ukiwa bado kazini. Orodha ya kozi hubadilika, kwa hiyo hakikisha ukutubi umo kabla hujajaza lolote.

Kwenye insha ya maombi niandike nini? Mimi hupanga vitabu tu. – Mpanga Rafu, Buruburu

Hiyo "tu" ifute kwanza. Wasomaji wa maombi wamechoka na "tangu utotoni nilipenda vitabu". Kila mtu alivipenda.

Andika unachokiona wewe na profesa hakioni. Watahiniwa wanaopanga foleni mlango haujafunguliwa, wakitafuta kiti na taa kuliko kitabu. Mzee anayekuja kila siku kwa gazeti moja. Kitabu cha kiada kilichoazimwa hadi kikapoteza jalada, huku rafu ya jirani ikiota vumbi. Kisha sema ulifanya nini: ulihesabu, ulihamisha, ulimwonyesha mtu kutafuta kwenye Koha, ile programu ya katalogi ya maktaba. Weka idadi zako mwenyewe kutoka daftari la kaunta. Malizia kwa jambo moja usiloweza kulifanya kwa sababu hukulisomea. Hapo ndipo masomo yanapopata sababu.

Nimeambiwa nimepata skolashipu, nitume 3,500 kwa M-Pesa za "kushughulikia faili". – Kasarani

Usitume. Namba hiyo izuie.

Nina miaka 51 na diploma. Nimechelewa? – Mama Maktaba, Kaloleni

Tupige hesabu, mama. Ukianza sasa, ukasoma miaka minne, utamaliza ukiwa na 55. Bondi ya miaka mitatu inakufikisha 58, na kustaafu serikalini ni 60. Ukipokewa mwaka wa pili, toa mmoja. Chevening nayo haina kikomo cha umri wa juu, kama utakuwa bado na hamu. Dirisha lake hufunguliwa Agosti.