Faili la PST kwenye folda ya pamoja: nenosiri linatosha?

SWALI: Ofisini tuko wanane. Barua pepe za zamani tumezihifadhi kwenye faili la PST la Outlook, GB 18, lililo kwenye kompyuta ya mhasibu. Nataka kulihamishia kwenye folda ya pamoja ya seva ili kila mtu alifungue kwake. Nimeliwekea nenosiri. Kuna tatizo?

JIBU: Ndugu, yapo mawili, na la nenosiri ndilo baya zaidi. Nenosiri la PST halifichi yaliyomo. Ni swali tu ambalo Outlook huuliza kabla ya kufungua. Programu za kuliondoa zimejaa intaneti, na kazi hiyo ni ya sekunde chache. Mtu akinakili faili hilo kwenye flashi, hesabu kuwa kaondoka na barua zote, za mishahara na mikataba zikiwemo.

Halafu, PST ni ya mtu mmoja kwenye diski yake. Mmoja akilifungua, wengine wanaambiwa linatumika. Microsoft yenyewe haikubali litumiwe kupitia mtandao: Outlook huliandika hata wewe ukisoma tu, na Wi-Fi au umeme ukikatika katikati, linaweza kuharibika. Scanpst, programu ya ukarabati inayokuja na Outlook, hulitengeneza, ila barua nyingine hupotea humo humo.

Kama mna Microsoft 365, fungua sanduku la barua la pamoja (shared mailbox); hadi GB 50 halidai leseni yake. Ingiza PST humo ukiwa kwenye kompyuta ya mhasibu, na uanze Ijumaa jioni kwa sababu GB 18 kupanda mtandaoni huchukua muda. Kisha toa ruhusa kwa wanaohusika. Wote wanane wasome barua za mhasibu? Sidhani.

Faili la asili lisifutwe. Funga Outlook, hakikisha kwenye Task Manager imezimika kweli, nakili kwenye diski mbili za nje zilizofungwa kwa BitLocker, kifungio cha diski cha Windows (Windows iwe Pro, Home hufungua diski hizo lakini haiwezi kuzifunga). Karatasi ya namba za kufungulia isikae droo moja na diski.

Mkaguzi akiomba barua za mwaka fulani, usimpe faili zima. Toa folda husika pekee, chuja kwa tarehe, funga kwa 7-Zip, programu ya kubana mafaili, ukichagua AES-256 (njia imara ya kuficha yaliyomo), na nenosiri umtajie kwa simu. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu pia, kwa hiyo andikeni nani kapewa nini na lini.