Tutadabi: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi za seti za filamu

Wadogo zangu, nimewavumilia wiki nzima hapa Bagamoyo kwa sababu bumu, ile maiki ya fimbo ndefu, ilikuwa mikononi mwangu, na mwenye bumu hatakiwi kupiga kelele. Sasa nimeishusha. Mmemleta steringi ambaye Kiswahili chake hakitoshi kununua fungu la dagaa pale sokoni, mmempa mazungumzo kurasa kwa kurasa, na kila akikwama mnaitikiana: "Tutadabi!", yaani sauti ya mtu mwingine itabandikwa baadaye. Nilipohoji, mmoja wenu akanijibu bila hata kupepesa: "Braza, mbona Katrina Kaif alitoboa?"

Haya. Kazi mnaijua, siwezi kuanza kuwaeleza sini ni nini. Nina machache tu.

1. Huo mfano wa Katrina Kaif mmeushika nusu.

Ni kweli, kazaliwa Hong Kong, raia wa Uingereza, kaingia filamu za Kihindi 2003 lugha ikiwa nzito mdomoni, na filamu zake za mwanzo waliongea wengine. Lakini alijifunza, na kadiri miaka ilivyokwenda akaanza kusema mwenyewe. Sridevi pia, kwao Kitamil, alishakuwa malkia wa Mumbai huku Kihindi chake kikisemwa na watu wengine. Kwenye Aakhree Raasta ya 1986 sauti mnayoisikia ni ya Rekha. Ya kwake mwenyewe ilikuja kusikika kwenye Chandni, 1989. Hao wote walikuwa wanakimbia kudabiwa. Nyie ndio mnakukimbilia.

Tena kwa Wahindi enzi hizo kudabi ilikuwa kawaida ya kiwanda kizima. Kamera zinanguruma, seti watu wanapiga soga, kisha kila mwigizaji, hata aliyezaliwa na Kihindi chake, anaingia studio kurudia maneno. Studio zipo, mafundi wapo, pesa yake imetengwa tangu mwanzo. Lagaan ya 2001 ilirekodi sauti palepale kwenye seti, wengine wakafuata, na ulimi wa mwigizaji ukakosa pa kujificha. Nyie studio yenu ipo wapi? Chumba cha shemeji chenye blanketi ukutani.

Na hili la lugha si la jana. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti ilitoka 1931, na kabla ya hapo nyota mkubwa kabisa alikuwa Sulochana, jina lake halisi Ruby Myers, ambaye Kihindustani kilimpiga chenga. Filamu bubu hazikumdai. Zilipoanza kusema, alisimama kazi, akajifunza lugha, akarudi 1932. Nyota, jamani! Alikaa chini kama mwanafunzi.

Sisi ugonjwa wetu naujua umetoka wapi. Tumekulia vibanda umiza, Wahindi na Wachina tumewatazama kupitia mdomo wa Lufufu, yule aliyekuwa anatutafsiria filamu kwa Kiswahili. Steringi, mama yake, adui, polisi, wote wana sauti moja ya Lufufu, na machozi tunatoa vilevile. Ndiyo maana vichwani mwetu sauti ni kitu cha kubandika baadaye.

2. Kabla ya loksheni, kaeni mezani msome skripti yote kwa sauti, wote. Basi.

3. Kukariri si kuongea.

Mtu wa sauti humdanganyi. Anayeelewa anachosema huvuta pumzi pale wazo linapoishia. Aliyekariri huvuta pumzi pale kifua kinapoishiwa. Kwenye hedifoni tofauti hiyo naisikia kabla sijasikia neno lenyewe.

Miaka ya nyuma nilishika sauti kwenye filamu moja ambayo sitaitaja, kuanzia seti mpaka mwisho. Steringi alikuwa binti aliyekulia Uingereza, wazazi Watanzania, sura ya kuuza bango, wafuasi mtandaoni usipime. Kiswahili alikuwa anakielewa nusunusu, anajibu kwa neno moja. Skripti aliikariri kama sisi tulivyokariri madrasa, herufi haipotei, maana hatuijui.

Sini ilikuwa ya mkwe na mama mkwe, uani kwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe. Mama mkwe alikuwa bibi mmoja wa jukwaani, wale wa zamani ambao skripti kwao ni ushauri tu. Eksheni! Badala ya kuanza ugomvi kama ulivyoandikwa, bibi akamtazama yule binti, uso ukalainika, akasema taratibu: "Lakini umekula, mwanangu?" Nakwambia hakuna mwandishi angeandika vile. Nywele zilinisimama. Binti akamsubiri amalize, akavuta pumzi, akatoa mstari wake kama alivyoushika: "Basi mwambie mwanao aniandikie talaka yangu!"

Seti nzima ikapasuka, mpaka mwenye nyumba aliyekuwa anachambua mchicha pembeni. Binti naye akacheka, huku anatugeukia mmoja mmoja kutafuta kilichochekesha. Dairekta alitaka tusimame, akae naye amweleze. Mimi nilikuwa nimechoka, jua linazama, nahofia adhana ya magharibi kuingia kwenye rekodi. Nikasema: "Twende mbele, tutadabi." Siku ile wa kulitamka nilikuwa mimi.

Tukadabi. Nilimpata mwanafunzi mmoja wa sanaa, sauti nzuri, Kiswahili kimenyooka, tukajifungia. Yule binti alikuwa anakata pumzi katikati ya neno, kwa hiyo mdomo unafunga sentensi haijafika popote. Tukabana hapa, tukavuta pale, mwisho tukaanza kubadili maneno ya mwandishi yafuate midomo. Ugomvi wa mwanamke anayedai haki yake ukawa vipande vipande visivyo na kichwa wala miguu.

Hilo ningelisahau. Nisilosahau ni kwamba hakuna aliyemwambia. Prodyuza alidhani dairekta kamwambia, dairekta akadhani nimemwambia mimi. Na mimi nilijua kabisa hajaambiwa. Niliona aibu, nikanyamaza.

Siku ya uzinduzi, ukumbini Dar, alikuja na bibi yake na mashangazi, safu nzima, sare moja. Nilikuwa nyuma naangalia spika. Sini yake ya kwanza ikaingia, na bibi yake, kwa ile sauti ya mtu ambaye masikio yamepungua, akauliza ukumbi wote unasikia: "Huyu anayesema ni nani?" Mashangazi wakamnyamazisha. Binti hakugeuka. Alikaa mpaka mwisho, akapiga picha na mashabiki, halafu akanifuata kwenye mashine. Akaniambia, kwa Kiswahili kilichonishtua: "Kaka, mngeniita. Nilikuwa nasoma na bibi kila siku." Kumbe kipindi chote sisi tunahangaika kubandika sauti ya mtu, yeye yuko Temeke anapitia mistari ileile na bibi yake, neno kwa neno, mpaka ameielewa. Angeingia studio akarudia mwenyewe. Lafudhi ya Uingereza ingekuwepo, sawa, lakini pumzi zingekuwa zake na midomo ingekubali. Nikamjibu upuuzi fulani kuhusu muda kuwa mdogo. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka na bibi yake.

Na yule mwanafunzi aliyemsemea? Jina lake halikuwekwa hata mwishoni kabisa, maana tulikuwa tunaficha. Alilipwa nauli na chipsi kuku.

Kwa hiyo mkilazimika kudabi, mwenye uso aambiwe kwanza, apewe nafasi ya kujaribu yeye, na akisemewa, aliyemsemea aandikwe jina na alipwe kama mwigizaji.

4. Lafudhi siyo tatizo, acheni kuwatesa watu.

Mtu katoka Mwanza, Kiswahili anakiota usiku, ila akizungumza unasikia ziwa. Mnamlazimisha aongee kipwani kwa sababu sini iko Bagamoyo. Matokeo yake anatia "ati" kila baada ya maneno matatu na kuvuta irabu mpaka mtazamaji wa Tanga anazima simu. Kama hadithi haihitaji mzawa wa hapa, mwacheni awe Msukuma aliyehamia. Bagamoyo imejaa Wasukuma waliohamia! Na ninyi wenzangu wa Mrima punguzeni maringo. 1928 kule Mombasa, wakichagua lahaja ya kusanifisha, walichukua Kiunguja, wala siyo chetu. Ninachodai mimi kwa mwigizaji ni kitu kimoja: mwenzake akitoka nje ya skripti, aweze kumfuata. Akiweza hilo, lafudhi alete ya kokote.

5. Mhusika akikasirika asihamie Kiingereza. Nimerekodi mvuvi, kashika nyavu, hajavaa viatu, anamfokea mkewe kwa Kiingereza cha hotelini. Dairekta alipenda. Mimi nilizima rekoda nikasema betri imeisha, Mungu anisamehe.

6. Skripti ya wafadhili siyo skripti ya mwigizaji.

Najua mnaiandika kwa Kiingereza ili isomwe na watu wa matamasha na wenye pesa. Siwalaumu, nami nala humohumo. Ila msimwachie mwigizaji aitafsiri akiwa amesimama mbele ya kamera, kila tek na maneno yake, halafu mtu wa kontinyuiti, anayehakikisha tek zinafanana, anapandwa na presha. Wahindi hapa wametupita mbali: kwao anayeandika mpangilio wa hadithi anaweza kuwa mmoja, na mazungumzo akapewa mwingine, na jina lake linapita peke yake kwenye skrini. Tafuteni mtu wa hivyo. Hapa mjini wamo wazee wanaoweza kuandika ugomvi wa uani kwa chai na maandazi tu, ingawa ninyi mtawalipa zaidi ya hapo, nimesema.

7. Mtoeni huyo dada, steringi wenu wa hapa Bagamoyo, kwenye gari.

Kila mapumziko mnamfungia kwenye kiyoyozi na simu yake, chakula mnampelekea. Lugha ataipata kwa nani, kwa dereva aliyelala? Ale na wenzake, akae na mabibi wa mapambo, atumwe chumvi. Jana alitoka kidogo, akasimama kwa mama lishe, akaulizwa kama aweke pilipili. Alishafungua mdomo kujibu, mkaruka wawili mkamjibia. Kesho msimjibie. Akisema nyingi, mwacheni aungue.