Kutua Cusco leo, kuanza Njia ya Inka kesho?

Ndugu, umeuliza kama kundi lenu la watu sita linaweza kutua Cusco, mji wa milimani nchini Peru, jioni na kesho yake kuanza Njia ya Inka, safari ya miguu ya siku nne hadi Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka. Tafadhali msifanye hivyo. Cusco yenyewe iko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na siku ya pili ya safari mtavuka Warmiwañusca, sehemu ya juu kabisa ya njia, mita 4,215. Mwili usiozoea hewa nyembamba huanza na kichwa kuuma, kisha kichefuchefu na kukosa usingizi. Kaeni Cusco siku mbili kamili, tatu ni bora zaidi. Mwenzenu akianza kuyumba kama mlevi, au akihema hali amekaa, mteremsheni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Vibali vya kupita njia hii hupatikana kupitia kampuni zenye leseni tu, na Februari njia hufungwa. Namba ya pasipoti lazima ilingane na ya kwenye kibali.

Mwendo aupange aliye taratibu kuliko wote. Magoti huumia zaidi kwenye ngazi za mawe za kushukia, kwa hiyo bebeni fimbo mbilimbili, zenye ncha za mpira.