Novotná alishinda Wimbledon, ndugu

Hapana ndugu, si kweli ulivyosema kwamba Jana Novotná, mcheza tenisi wa Jamhuri ya Cheki, "aliishia kulia tu". Unachokumbuka ni fainali ya 1993 ya Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza. Seti ya tatu alikuwa anaongoza 4-1 dhidi ya Steffi Graf, pointi moja tu kufika 5-1, akakosea kuanzisha mara mbili mfululizo. Baada ya hapo kila kitu kikaporomoka. Graf akamaliza 6-4, na Jana akamlilia begani Duchess wa Kent, wa familia ya kifalme ya Uingereza, wakati wa kukabidhiwa zawadi.

1997 akafika fainali tena, akafungwa na Martina Hingis. 1998, akiwa na miaka 29, ndipo akamshinda Nathalie Tauziat 6-4, 7-6. Duchess alikuwepo siku hiyo pia!

Halafu watu husahau mechi za wawili wawili, ambako kwa maoni yangu alikuwa mkali zaidi: mataji 12 ya Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya tenisi), na mengine 4 ya wawili wawili mchanganyiko, mwanamke na mwanamume. Staili yake ilikuwa ya kuanzisha mpira kisha kuukimbilia wavu, na kwenye nyasi ilikuwa raha kuitazama. Olimpiki alipata medali mbili za fedha na moja ya shaba.

Alistaafu 1999. Baadaye akamfundisha kijana wa mji wao wa Brno, Barbora Krejčíková. Saratani ilimchukua Novemba 2017 akiwa na miaka 49 tu, na Krejčíková akaja kubeba Wimbledon 2024.