Maswali na Majibu: Mtaro Ukijaa, Maji Yaelekee Wapi?

Maswali ya safari hii yote yanahusu maji ya mvua mijini na barabarani. Baadhi nimeyafupisha bila kuyapotosha.

Swali: Mtaro wa mtaa wetu ulipanuliwa na kujengwa upya kwa zege, lakini mvua ikinyesha nyumba za chini bado zinaingiliwa na maji. Kosa liko wapi?

Jibu: Mara nyingi kosa haliko pale palipojengwa, bali mbele yake. Mtaro hauwezi kupitisha maji mengi kuliko yale yanayopata nafasi ya kutoka mwishoni mwake. Ufuateni mtaro wenu kwa miguu, siku isiyo na mvua, mpaka mahali unapomwaga maji. Huenda mkakuta kalavati la zamani lenye upana nusu ya mtaro mpya, au bomba la maji safi lililokatiza katikati ya mtaro na kunasa matawi na mifuko, au mto ambao ukijaa usawa wake unapanda juu ya mdomo wa mtaro na kuyasukuma maji yarudi nyuma. Hali hii ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu siku ya kiangazi mdomo wa mtaro huonekana umening'inia juu ya mto bila kizuizi chochote, ilhali siku ya mafuriko mdomo huohuo uko chini ya maji na mteremko wa sakafu ya mtaro hausaidii tena kama ulivyosaidia.

Kupanua sehemu ya juu peke yake kunaweza hata kuongeza madhara. Mtaro wa udongo wenye nyasi huyachelewesha maji kwa ukwaru wake, na ukisakafiwa kwa zege laini, kwa upana na mteremko uleule, mwendo wa maji unaweza kuongezeka mara mbili au zaidi. Maji ambayo zamani yalifika kwenye kalavati kidogokidogo sasa yanafika kwa pamoja. Ndiyo maana mbunifu mwangalifu huanza hesabu zake mwishoni: huandika kwanza usawa wa mto wakati wa mafuriko, kisha hupanda nao kwenda juu, kalavati kwa kalavati na chemba kwa chemba, akihakikisha kwamba usawa wa maji haupiti vizingiti vya nyumba. Kabla ya kudai upanuzi mwingine, daini kuonyeshwa hesabu hiyo.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Tunafundishwa kuzidisha namba tatu ili kupata wingi wa maji, lakini sioni namba hizo zinatoka wapi wala kwa nini tunaziamini.

Jibu: Kanuni unayoitaja ilitangazwa nchini Marekani na mhandisi Emil Kuichling mwaka 1889, na inatumika hadi leo kwa sababu inasema jambo linaloeleweka. Wingi wa maji yanayofika mtaroni ni zao la ukubwa wa eneo, ukali wa mvua, na sehemu ya mvua hiyo isiyozama ardhini. Eneo likipimwa kwa hekta na mvua kwa milimita kwa saa, zao hilo hugawanywa kwa 360 ili kupata mita za ujazo kwa sekunde.

Chukua eneo la hekta 2 lenye mapaa na lami, ambalo sehemu 0.8 ya mvua yake hutiririka, likipigwa na mvua ya milimita 90 kwa saa. Utapata mita za ujazo 0.4 kwa sekunde, yaani lita 400 kila sekunde. Eneo hilohilo lilipokuwa nyasi, ambapo sehemu 0.2 tu ilitiririka, lilitoa lita 100. Mvua haikubadilika hata tone moja, ila ujenzi umeyafanya maji kuwa mara nne.

Kwa kweli ongezeko huwa kubwa kuliko hapo, na sababu yake ni namba ambayo wanafunzi wengi huipita haraka, yaani ukali wa mvua. Ukali huo hauchaguliwi kwa kubahatisha, bali hutokana na muda ambao maji ya kona ya mbali kabisa ya eneo huhitaji ili kufika kwenye mtaro. Tuseme muda huo ni dakika 20. Mvua ya dakika 5 ni kali, lakini maji ya karibu yatakuwa yameshapita kabla ya yale ya mbali kuwasili. Mvua ya saa nzima huyafikisha yote, lakini kwa wastani ukali wake ni mdogo. Mvua inayoutesa mtaro zaidi ni ile ya dakika 20 hizo. Sasa ng'oa nyasi, weka lami: maji yanakimbia zaidi, muda unashuka hadi dakika 10, na mvua ya dakika 10 ni kali kuliko ya dakika 20. Hivyo ujenzi huongeza maji kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Usiitumie kanuni hii kwa eneo kubwa. Miongozo ya Marekani huikomesha kwenye hekta 80 hivi, kwa kuwa juu ya hapo mvua hainyeshi kwa usawa na mabonde yenyewe huanza kuhifadhi maji njiani.

Swali: Tuliambiwa mitaro ya mji wetu inamudu mvua ya miaka 10. Imefurika mara mbili katika miaka miwili. Je, wahandisi walitudanganya?

Jibu: Hawakuwadanganya, lakini walitumia maneno yanayopotosha, na nadhani taaluma yetu ina deni la kuyaeleza vizuri. Mvua ya miaka 10 si mvua inayosubiri miaka 10 ipite ndipo irudi. Ni mvua ya ukali ambao, kila mwaka, una uwezekano wa moja kwa kumi wa kufikiwa au kupitwa, na mwaka jana hauupunguzii mwaka huu chochote. Katika kipindi cha miaka 10, uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni takriban asilimia 65. Hata mvua ya miaka 100, ambayo watu hudhani ni ya wajukuu zao, ina uwezekano wa asilimia 26 hivi wa kutokea katika miaka 30 ya kwanza ya nyumba mpya. Ongezeni kwamba ukali huo hukadiriwa kwa kumbukumbu za mvua zilizopita. Kumbukumbu zikiwa fupi au za zamani, makadirio nayo huyumba.

Kutoka hapo linazaliwa swali ambalo kwangu ndilo kiini cha ubunifu wote. Hakuna mji unaojenga mabomba ya kumeza kila mvua, kwa hiyo kila mfumo utajaa siku moja. Siku hiyo maji yapite wapi? Mfumo mzuri una ngazi mbili. Ya kwanza ni mitaro na mabomba kwa mvua za mara kwa mara. Ya pili ni njia ya juu ya ardhi, ambayo kwa kawaida ni barabara zenyewe, viwanja vya wazi na mabonde yaliyoachwa bila kujengwa, iliyopangwa ili maji ya ziada yateremke hadi mtoni bila kuingia ndani ya nyumba. Ngazi hii ya pili ipo kila mahali, hata pale ambapo hakuna aliyeichora, na tofauti ni kwamba isipochorwa hupita sebuleni kwa watu.

Mji wa Kuala Lumpur uliliamua jambo hili waziwazi. Handaki lake la SMART, lililofunguliwa mwaka 2007 likiwa na urefu wa kilomita 9.7 kwa ajili ya maji ya mafuriko, lina sehemu inayopitisha magari siku za kawaida, na mafuriko yakizidi magari huondolewa na sehemu hiyo huachiwa maji. Si lazima kila mji uchimbe handaki. Mtaa wa kawaida unaweza kufanya uamuzi wa namna hiyo kwa kuishusha barabara chini ya viwanja na kuhakikisha kwamba haiishii kwenye ukuta wa mtu.

Swali: Mkandarasi anataka kuweka bomba la milimita 450 baada ya bomba la 600, kwa hoja kwamba mteremko wa pale ni mkali na maji yanakimbia. Ni sahihi?

Jibu: Kwa hesabu za mwendo wa maji anaweza kuwa na haki, lakini mimi nisingekubali. Kinachoingia kwenye bomba la 600 si maji peke yake. Kuna chupa, vipande vya mbao na mawe, na kitu kilichopita kwenye 600 kitakwama mdomoni mwa 450, chini ya ardhi, mahali pasipoonekana. Kanuni ya kazi ni kwamba bomba halipungui kipenyo kuelekea chini.

Afahamu pia anachokipoteza. Bomba la zege la milimita 600 lililolazwa kwa mteremko wa nusu asilimia hupitisha lita 430 hivi kwa sekunde, ambazo zinatosha kwa mfano niliompa mwanafunzi hapo juu. La 450 kwa mteremko huohuo hupitisha kama lita 200, chini ya nusu, ingawa kwa macho linaonekana dogo kidogo tu. Kwenye mteremko mkali jambo la kuangalia ni mmomonyoko mahali maji yanapotokea, na kwenye tambarare ni tope: mwendo ukishuka chini ya mita 0.6 kwa sekunde, mchanga huanza kutulia.

Swali: Barabara yetu ina nyavu za chuma za kuingizia maji kila baada ya hatua chache, lakini mvua ikinyesha maji yanazipita na kujaa njia panda. Kwa nini?

Jibu: Nimewahi kusimama mvuani kuangalia barabara ya namna hiyo. Ilikuwa imewekwa lami mpya juu ya ile ya zamani, na wavu wa kuingizia maji ulibaki chini kama shimo. Ili kuondoa shimo, fundi aliunyanyua na kuuzungushia zege, lakini aliuacha juu ya lami kwa kimo cha vidole viwili. Maji yalikuja kando ya ukingo, yakafika kwenye zege, yakaachana pande mbili, yakauzunguka wavu na kuendelea na safari. Chini yake bomba lilikuwa karibu tupu. Anzeni kwa kuangalia hilo, kwani wavu hutakiwa kuwa chini kidogo ya lami inayouzunguka.

Kisha angalieni mahali ulipowekwa. Idadi haisaidii kama nafasi si sahihi. Wavu unahitajika kabla ya njia panda na kabla ya kivuko cha watembea kwa miguu, si baada yake, na katika kila bonde la barabara lazima pawe na zaidi ya mmoja, kwa sababu ukiziba mmoja pale, maji hayana njia nyingine. Umbali kati yao huamuliwa na upana wa maji mnaokubali yatande barabarani: kwa barabara iliyoinama asilimia 2 kuelekea pembeni, maji yenye kina cha sentimita 4 kwenye ukingo yametanda mita 2, ambayo ni sehemu kubwa ya njia ya gari. Nondo za wavu zisilazwe kufuata mwelekeo wa magari, maana gurudumu la baiskeli huzama kati yake.

Swali: Mitaro iachwe wazi au ifunikwe?

Jibu: Mtaro wa wazi husafishwa kwa urahisi na kuziba kwake huonekana mapema, lakini watoto, wazee na wasioona huanguka humo, na siku ya mafuriko hautofautiki na barabara. Uliofunikwa ni salama kwa wapita njia, ila tope lake hujikusanya kwa siri. Penye watu wengi naunga mkono kufunika, kwa sharti kwamba vifuniko viweze kuinuliwa na watu wawili bila mashine. Kifuniko cha zege cha sentimita 60 kwa 40 chenye unene wa 8 kina uzito wa kilo 46 hivi, na kinainulika. Nikiona vifuniko vya kilo 150 vilivyounganishwa kwa saruji, najua kwamba mtaro huo umekwisha kusafishwa kwa mara ya mwisho.

Swali: Je, naweza kuunganisha bomba la majitaka ya nyumbani kwenye mtaro wa mvua?

Jibu: Hapana. Mtaro wa mvua hupeleka maji mtoni bila kuyasafisha.

Swali: Mimi nina kiwanja kimoja tu. Kuhifadhi maji kwangu kunaweza kupunguza chochote?

Jibu: Kunaweza, na hesabu yake ni rahisi. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 200 ni lita 4,000. Nyumba 50 za namna hiyo zikiyakamata maji hayo, lita 200,000 hazifiki mtaroni katika ile nusu saa ambayo mtaro umezidiwa. Jambo la msingi ni kwamba tangi liwe na nafasi mvua inapoanza. Tangi lililojaa tangu jana ni akiba nzuri ya maji, lakini kwa mafuriko halisaidii kitu, kwa hiyo liwekewe tundu dogo katikati ya kimo chake: nusu ya chini ibaki kwa matumizi, nusu ya juu ijimwage polepole mvua ikikatika. Mahali udongo unapofyonza, acha sehemu ya uwanja bila sakafu, au tandika matofali yenye nafasi kati yake juu ya kokoto.

Bwawa la mtaa mzima hufanya kazi kwa namna hiyohiyo, yaani mlango mpana wa kuingilia na tundu dogo la kutokea, lakini linahitaji uangalifu katika kuchagua mahali. Likijengwa karibu na mwisho wa bonde, linaweza kuyachelewesha maji ya karibu mpaka yakutane na kilele cha yale yanayotoka mbali, na mafuriko yakapanda kuliko kama bwawa lisingekuwepo. Sehemu za juu za bonde ndizo zinazofaa zaidi kuyashikilia maji, na za chini mara nyingi ni heri kuyaachia yatangulie. Kiwanja chako kikiwa juu, tangi lako lina thamani kubwa kwa majirani usiowajua, na kikiwa bondeni, shughulikia kwanza kimo cha kizingiti cha mlango wako.